Tano Ipi?

Kila masika, ua wa mzee mmoja wa Mchikichini hugeuka tope la kuvulia viatu. Bonde la Mto Msimbazi liko jirani, na maji yakishatuama hayana haraka ya kuondoka. Mwaka huu mzee akasema imetosha, atamwaga kokoto.

Ubishi ukaanzia kwenye rangi. Mkewe alizitaka zile nyeupe za Kunduchi, uani pang'ae kama hotelini. Fundi akapinga: zile ni mawe ya matumbawe, laini, zikikanyagwa sana zinaacha unga kwenye viatu. Za Lugoba, kule Chalinze, ni mwamba mgumu wa kijivu, na kona zake zilizopasuliwa hushikana zenyewe, haziserereki chini ya mguu kama mawe ya mtoni. Mama akakubali, kisha akanuna.

"Unene je?" mzee akauliza.

"Mwaga tano tu, mzee wangu."

Tano ipi? Hapa mjini tofali ni inchi 5 au 6, nondo ni milimita, kiwanja ni mita. Fundi alikusudia sentimita. Mzee, aliyejenga nyumba nzima kwa tofali, akasikia inchi. Ua wenyewe ni mita 6 kwa 4. Kwa sentimita 5 unahitaji lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20, kama tani 1.8 hivi. Kwa inchi 5, ndoo zinapita 150.

Muuzaji naye akamaliza kazi: "Mzee, tripu nzima ndiyo nafuu."

Fuso la tani 7 likafika jioni, likatazama uchochoro, likakataa. Dereva akanyanyua bodi, mlima ukashuka barabarani mbele ya baraza la watu. Vijana wenye toroli walihamisha hadi ua ukajaa, na mlima haukuonekana kupungua. Watoto wakaupanda. Wacheza bao wakaubadilisha kuwa viti. Majirani wakaanza kupita na ndoo: "Mzee shikamoo, naomba kidogo nimwagie mlangoni." Utamnyima nani, wakati lile rundo limeziba njia yake?

Wiki ya tatu barabara ilikuwa tupu. Mvua ya kwanza ikachimba shimo chini ya bomba la paa la mzee, na jioni ile alionekana akibisha hodi kwa jirani, ndoo tupu mkononi.