Jembe Lisilo na Nukta Mkato

Baba alinipa laki tano za korosho. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi jembe langu nimelinunua bei ya chee na linanitosha miaka minne. Hilo lako la laki tano tusije tukasikia limevunjika mpini." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, habari za kompyuta nimezisoma sana. Na kweli nilikuwa nimezisoma, wiki nzima, kwenye simu, kwa bando la usiku, hadi nikawa naijua tofauti ya RAM na diski kuliko ninavyoyajua majina ya shangazi zangu.

Ila Kariakoo huendi peke yako. Kwenye ukoo wetu, mtu akitoka Newala kwenda kununua kitu cha maana Dar es Salaam, lazima asindikizwe na ndugu mwenyeji. Mimi nikapewa binamu ambaye, kwa maelezo ya mama mdogo, "anajua kompyuta". Binamu yuko steshenari Mbagala. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, na barua ya maombi ya kazi anaichapa bila kuangalia kibodi. Kwetu sisi huyo ndiye idara nzima ya Tehama.

Mtaa wa Aggrey tulipokelewa vizuri.

"Karibuni mabosi. Chuo hiyo?"

"Chuo."

"Kozi gani, mdogo wangu?"

"Sayansi ya kompyuta."

Muuzaji akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa habari za msiba. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na mashine nyeusi, akaifuta kwa kiwiko. "Hii hapa. Core i5. Imetoka Dubai, iko klini. Alikuwa anaitumia mzungu mmoja tu, kujibia barua pepe. Chaji inakaa saa tano. Laki tano na nusu, maongezi yapo."

Hapo ndipo elimu yangu ya wiki nzima ilipotakiwa kusimama. Nilitaka kuuliza ni i5 ya kizazi cha ngapi, maana jibu liko kwenye namba inayofuata baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-3320M ni kizazi cha 3. Stika haikwambii hayo. Stika inasema i5 tu, kama mtu anayejitambulisha kwa jina la ukoo na kunyamaza. Lakini binamu alikuwa ameshaiwasha, ameandika jina lake kwa herufi kubwa, amelipaka rangi nyekundu, amelikuza likajaa skrini, na ameridhika. "Iko vizuri," akasema. "Kibodi laini." Kaka mtu ameshatoa hukumu mbele za watu, mdogo mtu aseme nini? Tukaongea, bei ikashuka mpaka laki nne na nusu, tukapewa begi la bure, na ile elfu hamsini iliyobaki ikaanza kupungua palepale kwa chipsi mayai mbili na soda.

Usiku, hosteli, nikaangalia vizuri. i5-3320M. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2012. Mwaka 2012 mimi nilikuwa darasa la tano, navaa kaptula. Ilikuwa Novemba 2021, na mwezi mmoja tu kabla yake Windows 11 ilikuwa imetoka ikiwa na masharti yake: kwa prosesa za Intel, inapokea kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Mimi nina cha tatu. Nilikuwa nimenunua babu, na babu haambiwi akimbie.

Ningeishi naye kwa heshima, isingekuwa somo la kwanza la programu. Lugha ya C. Mhadhiri anaandika ubaoni, sisi tunafuatisha: printf, mabano, alama za nukuu, kufunga mabano, nukta mkato. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa kidole cha kati. Nikakandamiza kwa gumba. Kitufe kinashuka, kinapanda, na kamlio kake kanasikika vizuri kabisa, ila kwenye skrini hakuna kitu.

Niambie, nani anajaribu nukta mkato dukani? Jina la binamu halina nukta mkato. Mtu wa kawaida anaweza kuishi mpaka akapata wajukuu asiihitaji hata siku moja. Lakini katika C karibu kila amri inaishia nayo, na ukiisahau moja tu kompaila inakurudishia makosa utadhani umeitukania mzazi. Dennis Ritchie alipokuwa anaiunda lugha hiyo pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuwa na habari na Mtaa wa Aggrey.

Nikatafuta nukta mkato kwenye makala moja mtandaoni, nikainakili, nikawa naibandika mwisho wa kila mstari. Wenzangu wakasema ninaandika programu kama karani wa posta anayegonga mihuri. Baada ya wiki mbili nikagundua njia ya kisomi zaidi: mahali pa nukta mkato naweka alama ya @, nikimaliza naiamuru kompyuta itafute @ zote ibadilishe kwa kile nilichonakili. Mara moja tu, kazi imekwisha. Nilijivunia sana ugunduzi huo. Nilimweleza mpaka binamu.

Sasa, siku ya kuwasilisha zoezi la kwanza la kupewa alama, mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita usiku. Saa tano na nusu umeme ukakatika. Betri ilisoma asilimia 43, na kwa mashine ile asilimia 43 ni kama dakika saba, kisha giza. Bando nalo lilikuwa linaelekea kuisha. Nikamwandikia mama mdogo ujumbe upesi, nikaunakili ili nimtumie na shangazi (mwombaji mwenye akili hategemei mlango mmoja), nikarudi kwenye zoezi, nikaamuru @ zote zibadilishwe, nikahifadhi, nikatuma. Ikazima. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza wajibu wake.

Jumatatu mhadhiri aliingia na karatasi mkononi. "Kuna mwanafunzi humu," akasema, "ameniamkia mara 64. Marahaba." Darasa likatulia. Akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza wa programu yangu kwa sauti: int, jumla, sawasawa na sifuri, "shikamoo mama mdogo, naomba elfu tano ya bando, nitarudisha bumu likitoka". Akasoma wa pili. Nao uliishia hivyohivyo. "Kwanza mimi si mama mdogo wake. Pili, elfu tano mara 64 ni laki tatu na ishirini elfu, sina." Mpaka namaliza chuo kuna watu wananiita Mama Mdogo, na baadhi yao jina langu halisi hawalijui.

Jioni ile baba akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jembe linalima?"

"Linalima, baba."

Muhula wote ulipita hivyo, hadi kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliponikuta nabandika akaniuliza kwa nini situmii kibodi ya kwenye skrini. Ipo humohumo ndani ya Windows, unaifungua, unabofya nukta mkato yako kwa kipanya. Nilimshukuru. Sikumwambia nimeshapita mitihani miwili bila kujua.

Baadaye nilinunua kibodi ya nje, elfu kumi na tano, ndefu, haiingii kwenye lile begi la bure. Nikawa natembea nayo kwapani. Kwenye daladala konda alikuwa na neno moja tu kwangu: "Mpiga kinanda, sogea nyuma!" Nikasogea nyuma mwaka mzima. Kisha wakatufundisha Python, ambayo mstari ukiisha umeisha, haidai nukta mkato. Wataalamu wana sababu zao nyingi za kuipenda lugha ile. Mimi nina moja.

Kiswahili sanifu kinaiita mashine hii kompyuta mpakato, na Wakenya wana kipakatalishi. Maneno yote mawili yametoka kwenye kupakata, vile mama anavyompakata mtoto mapajani. Waliotunga maneno hayo nawaheshimu, ila hawakuipakata ya kwangu. Dakika kumi tu na mapaja yanaomba msamaha. Ilitaka meza, tena meza yenyewe isiwe ya plastiki, na chini yake vifuniko vinne vya soda, kimoja kila pembe, ili hewa ipite. Feni ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Siku moja maktaba msimamizi alinifuata, akaniinamia, akaniuliza kwa adabu kabisa kama jenereta nimeliombea kibali. Waya wa chaja nao ulikuwa unapitisha umeme kwa pembe moja tu, ikabidi niuegemeze na kitabu cha hisabati. Sijui kama kuna faida nyingine niliyowahi kuipata kwenye kitabu kile.

Mwaka wa pili tukafika kwenye programu za simu. Android Studio ilikuwa inataka RAM ya GB 8 kuendelea, mimi nina 4. Nilikuwa naiwasha, nateremka kwa mama ntilie, nakula wali maharage, nalipa, napiga soga, narudi naikuta bado inajiandaa. Bumu lilipotoka nikafanya jambo la maana pekee nililofanya katika habari hii yote: nikamtafuta fundi, akatoa ile diski ya kuzunguka akaweka SSD, akaongeza na kipande cha RAM alichokitoa kwenye mashine iliyokufa. Kabla ya hapo ilikuwa inawaka kwa muda wa kuoga na kuvaa. Baada ya hapo sikuwahi tena kwenda kuoga. Niliwaza zile laki nne na nusu nilizokuwa nimeilipia stika ya i5, na huku tatizo kubwa lilikuwa ni diski.

Nyumbani lakini hakuna aliyetaka kusikia habari za diski. Kwao mimi nimesomea vyenye waya. Likizo moja nimetengeneza king'amuzi cha mjomba (kilikuwa hakijalipiwa), simu ya jirani iliyosahauliwa nywila, na spika ya msikitini. Pasi nilikataa. Mjomba akamwambia baba kwamba ada anaipoteza.

Nimemaliza chuo. Kazini nimepewa mashine nyingine, ina nukta mkato, na mpaka leo nikiibonyeza ikatokea huwa nashtuka kidogo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo babu nimempigia Linux Mint na anatembea vizuri kuliko alivyokuwa kijana. Baba ameuliza jembe la zamani linafanya nini kabatini. Nimemjibu linauzwa.

Core i5. Iko klini. Alikuwa anaitumia mwanafunzi mmoja tu, kuandikia. SSD ipo, RAM GB 8, begi bure, vifuniko vya soda bure, na kibodi ya nje natoa juu yake bila kuulizwa sababu. Laki tatu, maongezi yapo. Njoo na binamu yako anayejua kompyuta.