Sasa Hii Presha Nimdai Nani?

Jamani, mie nauliza tu. Mtu mzima unapewa ugonjwa, halafu unaambiwa hakuna aliyekupa. Inaingia akilini kweli? Mafua nilipewa na konda, nilimwona akipiga chafya. Malaria mwenyewe anajulikana, mbu jike. Hata kipindupindu kina mwenyewe, maji machafu. Sasa hii presha nimdai nani?

Na wala sikuwa naumwa. Nilimsindikiza dada kupeleka mtoto chanjo ya surua, miezi tisa. Mtoto kachomwa, kalia, kanyamaza, kapewa nyonyo. Nesi akaniona nimekaa bure, akanifunga ule mkanda mkononi. Ukajaa upepo mpaka vidole vikavimba. Mashine ikalia. Akasoma, akanitazama, akasoma tena. 160 kwa 100. Mie nikatabasamu, nikajua nimefaulu. Kumbe ukifika 140 kwa 90 tayari wanaanza kukutilia shaka.

“Sista, nimeambukizwa na nani?”

Benchi zima likanigeukia. Bibi mmoja alicheka mpaka leso ikamdondoka.

Nesi akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Ugonjwa wa kuambukiza una kijidudu: bakteria, virusi, vimelea. Kinahama, kwa hewa, kwa maji, kwa mbu, kwa kugusana. Usioambukiza hauhami. Presha, sukari, pumu, siko seli. Mwingine unarithi, mwingine unaukaribisha mwenyewe: chumvi nyingi, sigara, pombe, kukaa kutwa. Aliposema “kukaa” akakitazama kitambi changu. Mbele ya watu!

Hapo ndipo nilipopandisha hasira. Nyumba tunayopanga yupo mzee ana sukari. Mie namkwepa yule mzee! Taulo lake likianikwa karibu na langu, langu nalirudisha kwenye ndoo. Akinikaribisha chakula, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka yeye analisikia. Jioni nakwenda kwa rafiki yangu kucheza bao, tunainama kichwa kwa kichwa, naye anakohoa wiki nenda wiki rudi. Nesi anasema kikohozi cha wiki mbili kikapimwe kifua kikuu, hicho ndicho kinachokwenda kwa hewa, na dawa zake ni bure. Sukari ya mzee hata tukilala kitanda kimoja hainihamii. Sasa si wangesema mapema? Mzee keshaninunia, na anapika pweza siku hizi.

Nikasema basi, nichome na mie chanjo, ya presha, twende nyumbani. Benchi likacheka tena. Hakuna. Kumbe chanjo inaufundisha mwili sura ya kijidudu, kikija siku nyingine kinakuta askari wanakifahamu. Ndio maana ukiugua surua ukapona, kwa kawaida hairudi. Presha haina sura. Askari wamjue nani?

Na kila kinga na adui wake. Nesi akanipa kisa cha Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia. Alikwepa chanjo ya ndui, aliogopa sindano. Huyo ndiye mtu wangu! Mwaka 1977 ndui ikampata, akawa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Akapona. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa ndui imekwisha. Jamaa akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, na mwaka 2013 akafa kwa malaria. Kaishinda ndui, kaondoka na mbu. Yaani hata ukishinda hushindi vyote.

Nikatoa silaha yangu ya mwisho, kopo la unga nililouziwa kwenye daladala. Muuzaji aliapa unaongeza kinga, unatibu presha, sukari, mgongo, na madeni nadhani. Nesi akanusa, akapiga chafya. Akasema kinga si mshahara, kwamba ikiongezeka tu umefaidi. Iko sukari ya aina ya kwanza, ambayo kinga ya mtu yenyewe inageuka na kushambulia kongosho, inaua chembe zinazotengeneza insulini. Askari wanapiga raia! Na mie nimekuwa nawaongezea posho kila asubuhi, vijiko viwili.

Basi nimerudi na karatasi: punguza chumvi, tembea, rudi tupime tena. Mtoto wa miezi tisa karudi na kinga, mjomba karudi na masharti.

Wewe unayenicheka, unacheka nini? Presha mara nyingi haina dalili, unaweza kuwa nayo hapo ulipo na chipsi mkononi. Nenda kafungwe mkanda, hauumi. Anayekohoa mpeleke akapime. Na mwenye sukari kula naye, ana chakula kizuri kuliko chako.