Namna ya Kumhonga Kambare wa Ruvubu

Sogea karibu, ndugu yangu, haya si ya kutangaza sokoni. Wenzako wa Ngara hukaa ukingoni mwa Ruvubu tangu alfajiri, nyungunyungu mmoja kwenye ndoano, wakingoja samaki apite. Wewe usingoje. Mwite.

Hatua ya kwanza: omba pumba za mahindi mashineni. Zikaange bila mafuta mpaka zinukie, maana pumba mbichi hunuka gunia. Kisha nenda wanakokamua ndizi za rubisi, uchukue machicha wanayoyatupa. Chambua nyasi walizokamulia, moja moja, la sivyo zitanasa kwenye ndoano yako. Funika machicha mpaka yachache, yakupige puani ukifunua. Hapo ndipo penye siri yote. Changanya na pumba, unga kidogo wa muhogo na udongo wa kichuguu, ufinyange madonge ya ukubwa wa limau.

Jaribu donge moja kwenye ndoo. Lizame zima, lianze kumeguka likishafika chini. Likimomonyoka juujuu, mkondo utalibeba, nawe utakuwa unawalisha samaki wa wenzako kule Rusumo, Ruvubu inakokutana na Kagera.

Hatua ya pili ni ya kambare hasa. Ana jozi nne za sharubu na huonja hata kwa ngozi, hivyo mtilie kishawishi kizito: dagaa waliosagwa, utumbo wa kuku, au damu kidogo ya machinjioni. Ukitumia damu, kaa mbali na maji, kwa sababu mamba naye ana pua. Huko Ziwa Victoria wapo wanaochomeka kipande cha sabuni ya mche kwenye ndoano, na kambare anakuja. Usione haya kujaribu.

Tupa madonge machache tu. Samaki aliyeshiba haigusi ndoano yako.

Hatua ya tatu, sifa. Wakikuuliza umetia nini, jibu, “Pumba tu, kaka.” Si uongo, pumba zimo. Kopo la machicha liache nyumbani, na madonge yafinyange kabla hujatoka.

Na siku ukikosa? Pitia kwa muuza samaki, ununue kambare aliye hai. Hupumua hewa, kwa hiyo ndani ya kiroba kibichi atafika nyumbani akijipindapinda, na mkeo hatauliza kitu. Usithubutu kununua dagaa: hata mtoto wa Biharamulo anajua dagaa havuliwi kwa ndoano. Sangara pia muache, atakuumbua kwamba ametoka Victoria.

Ziwa Burigi lisikutamanishe. Tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na donge lako halitamlainisha askari wa wanyamapori.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna mtu atakunong'oneza kwamba njia fupi kuliko zote ni majani ya utupa yaliyotwangwa. Mkatalie kabisa. Utupa hauchagui: huua vifaranga pamoja na wazazi wao, na msimu ujao hutakuwa na wa kumhonga. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Ukimwona anayeyatwanga kando ya mto, nakusihi, mpe taarifa afisa uvuvi siku hiyohiyo.