Wasomaji wa Mstari wa Kwanza

Anayelalamika kwamba watu wa Machakos hawasomi hajawahi kuabiri matatu ya alfajiri ya kwenda Nairobi. Kuanzia steji ya mjini hadi Kyumbi, na kutoka Kyumbi hadi Mlolongo, shingo zote zimeinama, na anayesinzia ni yule tu aliyeishiwa na bando. Watu wanasoma ujumbe wa chama, wa mwalimu wa darasa, wa kanisa na wa mwenye nyumba. Wanasoma bei za ploti, utabiri wa mechi na uvumi kuhusu wanasiasa wa kaunti. Babu zao walikuwa na Biblia ya Kikamba, kitabu cha nyimbo na risiti ya chama cha ushirika cha kahawa, basi. Tukihesabu herufi zinazopita machoni, kizazi hiki kinawashinda babu zake kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo sitairudia ile hotuba ya siku ya kutuza wanafunzi, kwamba skrini imeua usomaji. Usomaji ungali hai. Kinachougua ni kumaliza. Simu imetuzoesha kusoma mstari wa kwanza na kubahatisha iliyobaki, na kitabu kirefu kina faida moja ambayo watetezi wake huisahau wakikimbilia kusifu hekima na upeo: humzoesha mtu kufika mwisho wa maneno kabla ya kujibu, kutuma pesa au kutia sahihi.

Ushahidi wa kwanza uko katika kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi. Katibu anaandika tangazo lililokamilika: marehemu ni nani, mkutano ni siku gani, saa ngapi, wapi, na mchango upelekwe nambari ipi. Tiki mbili za buluu zinawaka, na jibu la kwanza linauliza mkutano ni saa ngapi. La pili linaomba nambari ya mchango. La tatu ndilo hatari. Katibu alikuwa ameanza kwa adabu ya siku hizi, kwamba familia inamshukuru Mungu kwa maisha ya mzee wao, na msomaji wa mstari wa kwanza akaona jina, akaona shukrani, akaandika: "Hepi bathdei mzee wetu, Mola akuzidishie miaka!" Halafu kuna suala la mahali. Mkutano ukiitishwa karibu na Machakos Kantribasi, lazima atokee mwanakamati mmoja atakayefika steji ya Machakos mjini na kupiga simu akifoka kwamba hawaoni wenzake. Wenzake wako Nairobi, zaidi ya kilomita 60 kutoka hapo, katika kituo kinachobeba jina la mji ambako yeye amesimama. Neno "Nairobi" lilikuwemo kwenye tangazo. Lilikuwa mstari wa nne.

Aibu ya kundini hufutika. Pesa ndizo zisizorudi kwa urahisi. Tangu M-Pesa ianze mwezi Machi 2007, Wakenya wamekuwa taifa la wasomaji wa risiti, na bado shilingi zetu zinatangatanga. Safaricom ilituongezea Hakikisha, huduma inayokuonyesha jina la mpokeaji ili usitishe ukiona si la uliyemkusudia. Jina la mgeni kabisa linatokea mbele ya mtumaji, mtumaji analitazama, pesa zinakwenda. Kinachofuata ni kuupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 ili pesa zirudishwe, na kuomba kwa imani yote kwamba mgeni huyo bado hajafika kwa wakala. Wapo pia wale matapeli wa "ile pesa tuma kwa hii nambari". Hawajui unadaiwa na nani, wala hawahitaji kujua. Wanajua tu kwamba mwisho wa mwezi yuko mpangaji anayemngoja mwenye nyumba, na atakayeona neno "pesa" hatapoteza muda kuuliza ni ipi na ni ya nani. Wenzao hutuma ujumbe bandia wa kupokea pesa kutoka nambari ya kawaida ya simu, salio halilingani na tahajia inatia huruma, kisha wanapiga kulia warudishiwe. Ni waandishi wabovu kuliko wote nchini, na ndio wanaolipwa vizuri, kwa sababu wamemwelewa msomaji wao.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, ambao hawakuwahi kuona programu ya mkopo. Zile programu za mwanzo ziliweka masharti yao katika ukurasa mrefu, na chini yake kitufe cha kukubali. Mkopaji aligusa kitufe. Ndani ya ukurasa huo alikuwa ameruhusu orodha yake ya simu ichukuliwe, na siku ya kulipa ilipopita, mama mkwe alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole akiulizwa kama anamfahamu mdaiwa. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya itoe kanuni mwaka 2022 kuwakataza wakopeshaji hao wa kidijitali kusumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Ndivyo taifa zima lilivyotungiwa kanuni kwa sababu ya kurasa zilizorukwa. Upande wa ardhi mambo ni yale yale. Tangazo la ploti kule Joska au Malaa linasema dakika tano kutoka lami, bila kutaja chombo cha usafiri. Bei ni ya wino mzito. Maneno kwamba mnunuzi atapewa cheti cha hisa, si hatimiliki, ni ya wino wa sisimizi. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na uwe na mashahidi. Mtunga sheria alifanya yote aliyoweza, ila hakuweza kutunga kifungu cha kumlazimisha mnunuzi kuusoma.

Mtu atasema huo ni uzembe wa binadamu, na simu inasingiziwa. Uzembe upo, lakini simu nayo ina hisa zake. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 na kulinganisha wasomaji wa karatasi na wa skrini. Wasomaji wa karatasi walielewa zaidi, na pengo liliongezeka pale watu waliposoma kwa kubanwa na muda. Jambo la kuchekesha ni kwamba pengo lilionekana katika maandishi ya kutoa habari. Katika hadithi halikuonekana. Kwa hiyo sisi tumepanga mambo kinyume. Riwaya, ambayo tungeweza kuifurahia simuni bila hasara, tunasema haisomeki mpaka ipatikane kwenye karatasi. Mkataba, ambao unataka karatasi, kalamu na kiti kisichotikisika, tunausoma simuni, ndani ya matatu, makanga akidai nauli. Ushauri unaotoka hapa ni rahisi: hadithi isome popote, mkataba upeleke saiba ukachapishwe. Shilingi chache za kuchapisha ni bima nafuu kuliko zote zinazouzwa Machakos.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Vitabu ni ghali, na sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviongezea mzigo wa asilimia 16. Hilo ni kweli, na serikali inayotoza kodi kitabu kisha ikahubiri utamaduni wa kusoma inastahili kuchekwa hadharani. Hata hivyo bei haielezi kila kitu. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Machakos wakati huo, alitoa miaka ya 1970 vitabu vya kutia mfukoni kama "My Dear Bottle" na "After 4.30", vikizungumzia pombe, ofisi na mapenzi ya mjini. Wasomi wa vyuoni walivikunjia pua, wasomaji wakavimaliza. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, na serikali haisumbukii kitabu kinacholala dukani. Fundisho ni kwamba mtu hufika ukurasa wa mwisho akipewa sababu ya kufika huko. Anayetaka mtoto wake apende kusoma asianze na kitabu kinachomlaza baba mwenyewe usingizi.

Wapo watakaosema kwamba Wakamba waliishi kwa busara karne nyingi bila vitabu, na kwamba Masaku, mzee ambaye mji unaitwa kwa jina lake, hakuhitaji maktaba. Sawa kabisa. Lakini hadithi ya kando ya moto ilikuwa na nidhamu: msikilizaji alikaa mpaka mwisho, na hakuna aliyeinuka baada ya sentensi ya kwanza, akapaza sauti "Amina" na kwenda zake. Nidhamu hiyo ndiyo ninayoitetea, iwe kwa mdomo, kwa karatasi au kwa kioo. Na kwa vijana wenye jibu jipya, kwamba siku hizi programu inaweza kukufupishia mkataba mzima kwa mistari mitatu, nina swali moja. Mistari hiyo mitatu ikiacha kile kifungu cha faini, nani atakayejua kwamba kimeachwa, kama si mtu aliyesoma mkataba wote?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa mpaka chini ni mapambo tu. Jizoeze basi kwa riwaya, ambayo ukiikatiza njiani haikutozi faini wala haimpigii mama mkwe simu, ili siku ukiletewa karatasi inayotoza uwe tayari una mazoea ya kufika mwisho. Na ukishindwa na yote hayo, angalau kabla hujampongeza mzee wa watu kwa siku yake ya kuzaliwa, shuka mstari mmoja uone kama bado yupo.