Simbali Hufungwa Kama Mbuzi

*Mukubwa Mshauri, mimi ni mpiga batri, zile ngoma na simbali za bendi, hapa Kasindi. Kundi letu linapiga muziki wa metali, ule mzito kabisa. Simbali yangu ya krashi, ya tatu sasa, imepasuka. Ninunue ipi itakayodumu?*
*Mpiga Batri Aliyechoka Kununua*

Kijana wangu, kwanza pole, kisha hongera. Pole ni ya simbali. Hongera ni ya kuniandikia mimi badala ya kumwuliza muuzaji, ambaye kwa kila swali ana jibu moja tu, nalo limebandikwa bei. Safu hii hujibu mambo ya ndoa, kakao, mipaka ya viwanja na mbuzi wasioshika mimba, na haijawahi kukosea. Ni wasomaji tu ambao pengine huitekeleza vibaya. Sisemi hivi kwa majivuno. Mwenye majivuno hujisifu bila sababu, na mimi sababu ninazo, ila nafasi niliyopewa haitoshi kuziorodhesha. Turudi kwako. Swali lako limekwenda upande tangu mwanzo. Unauliza ni simbali ipi isiyopasuka, kana kwamba kupasuka ni tabia ya simbali, kama ukaidi ulivyo tabia ya punda. Hoja yangu ni hii, na ningependa ichongwe mahali penye kivuli: simbali nyingi za krashi hazifi kwa udhaifu wa chuma, zinakufa kwa kunyimwa kucheza.

Mshauri mdogo angeanza dukani. Mimi naanza chini ya ardhi. Simbali nzuri ni bronzi, na bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Namaanisha bati la mgodini, si lile la paa linalokunyima usingizi mvua ikinyesha. Mchanganyiko wa kale ni sehemu 80 za shaba kwa 20 za bati. Ndio uliomtajirisha Avedis wa Konstantinopoli, ambaye alikuwa akitafuta dhahabu akapata mlio, na ambaye ukoo wake, Zildjian, huhesabu kazi yake kuanzia mwaka 1623. Sasa angalia ramani. Shaba iko Katanga, mkoa wa zamani ambao Mobutu aliuita Shaba kabisa ili asiwepo wa kusahau. Bati liko humuhumu Kivu Kaskazini, Walikale, ambako mgodi wa Bisie unachimbwa kiviwanda tangu 2019. Kwa hiyo simbali inayoingia kwa lori kupitia Mpondwe, ikapigwa muhuri na kulipiwa ushuru pale Kasindi, imeundwa kwa mali za aina ileile tunayoitoa nje kama mchanga. Siwezi kuapa kwamba ndani ya krashi yako kuna punje ya Walikale. Nasema tu usiitazame kama mgeni, na kwamba kama serikali ingeniuliza, leo tungekuwa na kiwanda, na mbele yake sanamu yangu yenye mchanganyiko wa 80 kwa 20.

Uchunguzi huu wa ardhi una faida dukani, nayo nitakupa bure. Ziko sahani za bei rahisi za shaba ya manjano, yaani shaba na zinki, zile zinazokuja pamoja na batri ya kujifunzia. Utazijua kwa mlio wake wa sufuria, na kwa jinsi ukingo unavyopinda na kubaki umepinda. Hizo ziachie wanaojifunza. Najua utaniambia kwamba kwa bei ya bronzi moja utapata tatu za manjano. Ni kweli, na utapata pia safari tatu za dukani, huzuni tatu, na mlio ambao gita moja lenye kikuza sauti litaumeza mzimamzima. Ukishavuka hapo, utakutana na mabishano ya watu wazima: bronzi ya bati asilimia 20 au ile ya asilimia 8? Wapo wanaogombana mpaka chai inapoa. Lakini ushahidi hauwapi nafasi. Paiste 2002, iliyotoka mwaka 1971, ni bronzi ya asilimia 8, na John Bonham wa Led Zeppelin, ambaye mkono wake haukuwa wa kubembeleza mtoto, aliipiga. Bronzi ya asilimia 20 nayo imejaa katika majukwaa ya metali duniani kote. Zote mbili hudumu, na zote mbili hupasuka. Basi kinachoamua maisha ya sahani si hesabu ya bati. Bati linaamua ladha ya mlio, na ladha haina mahakama.

Hapa ndipo mtaani wanakimbilia jibu la pili: nunua nzito. Hoja yao ina nusu ya ukweli, nami kwa ukarimu nitawaachia nusu hiyo. Kwa pigo lilelile, sahani nene huhimili kuliko nyembamba kama karatasi. Tatizo ni kwamba pigo halibaki lilelile. Sahani nene ni nzito kuamka. Inahitaji nguvu zaidi ndipo ifunguke, nawe usipoisikia unaongeza mkono, ikikaa kimya unaongeza bega, na mwisho unapiga kama anayepasua kuni. Tena nene haipindiki, kwa hiyo mshindo ambao nyembamba ingeumeza kwa kuyumba unabaki palepale ukingoni. Mgomba unaoinama hupona upepo. Dawa ni kununua sauti kwa upana, si kwa unene. Ukitoka inchi 16 kwenda 18, uwanda wa sahani unaongezeka kwa karibu asilimia 27. Ukifika 20, ongezeko linazidi nusu. Sahani pana inatoa sauti kubwa kwa nguvu ndogo, na nguvu ndogo ndiyo maisha marefu. Kwa metali, basi, tafuta bronzi ya inchi 18 au 19, ya unene wa kati. Ipandishe kwenye mizani ya kakao: ya 18 ikikaribia kilo moja na nusu, uko karibu na mahali pake. Mwenye mizani akikushangaa, mwambie nimekutuma mimi; atanyamaza kwa heshima.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Simbali hufungwa kama mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu hula, huzunguka, huishi. Aliyefungwa shingo kwa shingo na mti utamkuta asubuhi amekauka, nawe utalaumu ukoo wa mbuzi. Ile nati yenye mabawa juu ya stendi ukiikaza mpaka sahani isiyumbe, umeinyonga. Kila pigo linakosa pa kwenda. Ilegeze. Weka vitambaa vya sufi juu na chini. Hakikisha kile kimrija cha plastiki kipo katikati ya tundu, maana chuma kikisugua chuma tundu linakuwa kama la ufunguo, na ufa huanzia hapo. Usiilaze sahani juu sana kama sinia la wageni, ukingo ukakutana na kijiti kama shingo na panga. Iinamishe kidogo kukuelekea. Kisha piga kwa kupitia, ukiupangusa ukingo kwa upande, mkono ukiondoka mara moja, kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani ya sombe na hataki kumwaga sombe.

Utapinga: "Mukubwa, hii ni metali, si kwaya ya akina mama, bila nguvu zote haiwi nzito." Kwanza, hujawahi kuona kwaya ya akina mama ikikasirika. Pili, uzito wa muziki hautoki begani. Duma, lile kundi la metali la vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wametisha masikio ya Ulaya kwa ngoma zilizopangwa kwa mashine: hakuna bega, hakuna jasho, wala krashi iliyopasuka. Sikuambii uiuze batri. Nakuambia kwamba ukitaka kelele zaidi, kazi hiyo ni ya mikrofoni, nayo hainung'uniki.

Nafasi inaniishia, kwa kuwa mhariri hajui thamani ya kilicho mkononi mwake. Haraka basi. Ukinunua iliyokwishatumika, pitisha ukucha ukingoni pote na uchungulie tundu. Ukucha ukikwama, rudisha. Ufa mdogo ukitokea, toboa kitundu pale unapoishia ili usisonge mbele, na usimpelekee fundi wa kuchomelea, kwa maana moto wake unaua ugumu wa kiwandani pamoja na mlio. Jaribio la mwisho: ipige ukiwa umesimama mpakani. Afisa wa Kongo na wa Uganda wakiziba masikio kwa wakati mmoja, inatosha. Lipa ushuru, nenda.

*Mukubwa Mshauri, jirani yangu hapa Kasindi anapiga batri mchana na usiku. Nimesali, nimelalamika. Nifanyeje?*
*Mama Asiyelala*

Mama, pole sana. Safu hii haina upendeleo. Soma jibu la hapo juu kinyumenyume, kuanzia kwenye nati.