Kishika Uchumba cha Gari la Umeme

Gari la umeme lina uwezo mmoja ambao haumo kwenye kipeperushi: linaweza kuzua ugomvi kabla halijafika. La kwangu nililitolea kishika uchumba, nikapewa risiti, picha inayong'aa na ahadi kwamba toleo jipya litaingia sokoni "robo ya tatu ya mwaka". Mwaka wenyewe risiti haikuutaja.

Tangu hapo tarehe inasogezwa kwa ujumbe wa simu, na kila ujumbe una bashasha kuliko uliotangulia. Wa kwanza ulisema, "Mpendwa mteja, tunasikitika." Uliofuata ukasema, "Tunayo furaha kukujulisha kwamba gari lako linazidi kuboreshwa." Huu wa juzi umekuja na maputo na fataki. Mke wangu aliusoma nusu, akapiga vigelegele, akamalizia kuusoma, akarudi jikoni.

Hata wakubwa wanangojeshwa. Novemba 2017 Tesla ilionyesha Roadster mpya, ikasema itatoka 2020, na waliotaka kuwahi nafasi wakatakiwa kuweka dola 50,000. Mwaka 2020 ukafika, gari halikufika. Mwaka huohuo wa 2017 sisi tulianza kujenga reli ya SGR kutoka Dar es Salaam. Nayo ilipitwa na tarehe zake, tukaitania mpaka utani ukatuishia, lakini 2024 treni ya umeme ikaanza kupeleka watu Morogoro na Dodoma. Reli nzima, na mahandaki yake, imeitangulia Roadster! Halafu kuna Cybertruck la Tesla hiyohiyo, lililozinduliwa Novemba 2019 kwa kioo kilichosifiwa ugumu kisha kikapasuka mbele ya umati. Liliahidiwa kwa 2021, wateja wakaanza kukabidhiwa Novemba 2023, na bei ya kuanzia iliyotangazwa dola 39,900 ilikuwa imefika 60,990. Uchumba ukirefuka, na mahari inapanda.

Lakini huku Tabata gari limeshazua ugomvi kabla ya kufika. Aliyeanza ni Mama Neema, jirani ninayechangia naye luku. Mita yetu ni moja, na tunaishi chini yake kwa nidhamu ya kambini: pasi kwa zamu, jiko la umeme marufuku, taa ya nje inawashwa mgeni akibisha hodi. Lengo ni tusivuke uniti 75 kwa mwezi, maana walio chini ya hapo wanauziwa uniti kwa shilingi 122, na wanaovuka, kwa 356. Siku nilipotamka kwamba betri ya gari langu inabeba uniti 60, Mama Neema alitazama juu kidogo, akapiga hesabu.

"Baba Imani, yaani hilo gari likinywa mara mbili tu, friji yangu inahamia kwa matajiri?"

Kikao kiliitishwa jioni hiyohiyo. Nilieleza kuhusu hewa safi. Nikaulizwa kama hewa safi inalipiwa uniti ngapi. Uamuzi ukatoka kwamba nivute umeme wangu. Nikavuta. Leo nina mita mpya isiyosoma chochote, waya mnene ukutani na soketi kubwa ambayo watoto wa mtaa mzima wamekatazwa kuisogelea. Mama Neema huipitia kila asubuhi kuhakikisha hainyonyi kwa siri.

Fundi wangu wa gereji naye amenuna. "Mzee, hilo halina oili ya injini, halina plagi, halina ekzosi. Likiletwa hapa nilishike wapi?" Nikamwambia lina breki na matairi. Alinitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo kimkweche changu cha petroli hakipiti gereji bila kugunduliwa ugonjwa mpya, anavuna mapema.

Aliyelipokea gari kwa mikono miwili ni shangazi. Alilikodi palepale, bila malipo, limbebe mpwa wangu siku ya harusi. Maua yaliagizwa yafanane na rangi ya kwenye picha. Harusi ikafika, bibi harusi akapanda gari la kuazima, maua yakagombana na rangi. Shangazi hakukata tamaa. "Mwanangu, basi litatufaa kwenye ubatizo." Mtoto akazaliwa, akabatizwa, akaenda kanisani kwa bajaji.

Wiki iliyopita shangazi amepiga simu tena. Safari hii anataka tuliweke kwa mahafali ya chekechea, tusikurupuke. Nikampigia wakala, mtu ambaye tangu tufahamiane hajawahi kukosa ahadi mdomoni. Nikamtajia mahafali, nikamtajia na umri wa mtoto, ambaye meno ndiyo kwanza yanaota. Akanyamaza, nikasikia akigeuzageuza karatasi.

"Bosi," akasema, "chekechea anasoma miaka mingapi?"