Chuma au Faiba: Mwongozo wa Gari la Wazi kwa Mkazi wa Mlimani

Umeamua kuunda gari la wazi: viti viwili, hakuna paa, madigadi yamevuliwa, injini iko nje kila mtu aione, na ekzosi inanguruma kutoka Ruring'u hadi Skuta, hapa Nyeri. Hongera. Gari la namna hiyo halibebi magunia ya viazi, halipeleki majani chai kituoni, na mvua ya Aprili ikikukuta Marua utalowa sawasawa na anayetembea kwa miguu. Nakuunga mkono kwa moyo wote. Miji yote inayouzunguka Mlima Kenya imejaa Probox na pikapu zinazofanya kazi tangu alfajiri, na hakuna sheria inayosema kila kitu chenye magurudumu lazima kibebe kabeji.

Ila kabla hujatoa shilingi moja, amua: bodi itakuwa ya chuma au ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu?

Waliotuanzishia wazimu huu hawakusumbuliwa na swali hilo. Vijana wa California wa miaka ya 1930 na 1940 walinunua Ford kuukuu kwa bei ya kutupa, hasa Model T, Model A na ile ya 1932 iliyokuja na injini ya V8 ya nguvu za farasi 65. Wakazivua kila kilichokuwa kizito, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Wakaziita hotirodi. Bodi zilikuwa za chuma kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Faiba ilikuja baadaye: mwaka 1953 Chevrolet ilitoa Corvette 300 za kwanza, zote zikiwa na bodi ya faiba, na mwaka 1964 Bruce Meyers, Mkalifornia pia, akaunda Meyers Manx, kigari cha ufukweni chenye bodi ya faiba juu ya mitambo ya Volkswagen Beetle. Leo, mwenye hamu ya umbo la Ford ya 1932 anaweza kuagiza bodi mpya kabisa, ya chuma au ya faiba, kutoka Marekani.

Wewe uko Nyeri. Ford ya 1932 hutaikuta imelala nyuma ya zizi Othaya. Utakachokikuta ni Beetle, Peugeot 404 au Peugeot 504, na hapo usijione mnyonge. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikaibeba mara nne kati ya 1963 na 1968, katika miaka ambayo matope ya barabara za mlimani yalizimeza timu kubwa za Ulaya zikiwa na makanika wao na vipuri vyao. Nasaba hiyo inatosha. Kata paa, imarisha sakafu, na una hotirodi yenye historia ya hapa hapa.

Sasa sikiliza jambo moja ninaloliamini kuliko mengine yote katika mwongozo huu: chagua fundi kwanza, bodi itafuata. Bodi yoyote utakayoweka itapasuka, itabonyea au itagongwa na bodaboda sokoni Karatina. Swali la maana ni nani ataitengeneza Jumatatu asubuhi, na yuko umbali gani. Kwa chuma, jibu liko karibu. Tembea eneo lolote la jua kali kuanzia Nyeri hadi Embu utasikia nyundo kabla hujamwona mwenye nyundo. Faiba ina mafundi wake pia, lakini ni wachache, na wengi wa wale wazuri wako Nairobi wakiunda nyuso za mabasi na bampa za matatu.

Hata hivyo, usidanganyike kwamba kila mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukuundia bodi. Bati la gari lina unene wa chini ya milimita moja. Mashine ya vijiti, ile inayotengeneza mageti na madirisha, hulitoboa bati hilo mara moja, kisha fundi huanza kuziba tundu kwa tundu hadi mshono wote unakuwa vidonda. Tafuta anayetumia gesi, au mashine ya waya. Mwangalie akifanya kazi. Fundi anayejua hachomelei mfululizo: anadonoa hapa, anahamia kule, anarudi, na pembeni ana kitambaa kilicholoa cha kupoza bati lisijikunje. Ukimwona anavuta mstari mrefu kwa pumzi moja, mshukuru kwa muda wake uende zako. Na tangi la mafuta liwe limetolewa kabla cheche ya kwanza haijaruka. Hilo halina mjadala.

Wauzaji wa faiba watakuambia habari ya uzito. Wasikilize, kisha upige hesabu mwenyewe. Mita moja ya mraba ya bati la milimita 0.9 ina uzito wa kilo 7 hivi. Faiba ni nyepesi kuliko chuma mara nne au tano ukilinganisha ujazo ule ule, lakini hakuna anayeunda bodi ya faiba ya milimita 0.9. Inahitaji milimita 4 au 5, na hapo mita ya mraba imefika kilo 6 au 7. Kisha inabidi uiwekee fremu ya chuma kwa ndani, kwa kuwa bawaba za milango haziwezi kushikiliwa na faiba tupu, na mikanda ya usalama haifai kabisa kufungwa kwenye faiba tupu. Ukimaliza, wepesi uliouziwa umebaki wa kujaza kiganja tu. Isitoshe, Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi ya huku. Anayetafuta mwendo aanze na kabureta.

Kuna jambo la nyaya ambalo wengi hulikumbuka baada ya giza kuingia. Kwenye gari la chuma, bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa hiyo kila taa inahitaji waya mmoja tu. Faiba haipitishi umeme. Kila taa, kila honi, kila geji inataka waya wake wa pili wa kurudi kwenye chesisi. Fundi wa umeme aliyezoea Toyota asipoambiwa hivyo mapema, atakuachia taa zinazofifia ukikanyaga breki na indiketa inayowaka pamoja na taa ya nyuma. Mwambie kabla hajakata waya wa kwanza.

Halafu kuna baridi. Utomvu unaotumika kulaza faiba huganda kwa kuchanganywa na hadina, asilimia 1 au 2 tu, na unapenda joto la nyuzi 15 kwenda juu. Asubuhi ya Julai Nyeri, ukungu umelala na kipimajoto kinakaribia nyuzi 10, mchanganyiko huo unabaki unanata. Fundi mwenye haraka huongeza hadina, kazi inachemka, inaganda kwa kishindo na kupasuka. Faiba ilazwe Januari au Februari, kwenye jua na penye hewa, na mafundi wavae miwani. Hadina hiyo ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na nimeona vibanda vingi ambako inamiminwa kwa kukadiria, kutoka chupa ya soda iliyokatwa, mtoto akiwa amesimama kando. Tafadhali usiwape kazi watu wa namna hiyo, hata bei ikiwa nusu.

Ukienda kununua bodi ya faiba iliyo tayari, iombe kabla haijapakwa rangi. Iinue dhidi ya jua. Mwanga upite kwa usawa. Mabaka meupe ni nyuzi ambazo hazikunywa utomvu, na vidoti ni mapovu ya hewa. Igonge kwa sarafu kila mahali na usikilize: mlio uwe mmoja, na panapolia kwa kufifia pana tabaka zilizoachana. Inuse. Harufu kali baada ya wiki nyingi maana yake haijaiva. Kisha uliza, "Fundi, hapa umelaza mikeka mingapi ya nyuzi?" Akikujibu, "Bosi, hii ni ngumu, unaweza hata kuirukia," hajakujibu. Uliza tena.

Kwa chuma kuukuu, silaha yako ni sumaku. Ifunge kwenye uzi, ipitishe chini ya milango, kwenye kingo za bodi juu ya matairi, chini ya kioo cha mbele na kuzunguka taa za nyuma. Inapokataa kushika, chini ya rangi hakuna bati, kuna fila. Fila kidogo si dhambi. Lakini bodi niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa imejazwa magazeti kwenye tundu la kutu, juu yake fila, juu ya fila rangi nyekundu inayong'aa. Bisibisi ilizama hadi mpini. (Sumaku ikikataa kabisa kwenye Land Rover kuukuu, usimgombeze mwenye gari: paneli zake ni za alumini.)

Kutu nayo inategemea unakaa upande gani wa mlima. Nanyuki iko kwenye kivuli cha mvua, na chuma kinakaa vizuri huko. Nyeri na Karatina ni wastani. Ukizunguka upande wa kusini na mashariki, Kerugoya, Embu, Chuka hadi Meru, ndiko mvua inakomwagika, na udongo mwekundu unaingia kwenye matundu ya kutolea maji chini ya milango, unaganda, unabaki na unyevu wiki nzima. Kutu huanzia hapo, kutoka ndani, na utaiona ikiwa imeshakula. Zibua matundu hayo kwa waya kila baada ya safari ya matope na upake rangi ya zinki upande wa ndani kabla ya rangi ya urembo. Hata hivyo, sisi wa mlimani hatuna chumvi ya bahari inayowatesa wenzetu wa Mombasa. Ningekuwa Nyali, mwongozo huu ungeegemea faiba bila kusita.

Faiba haina kutu, lakini ina nyufa. Jiwe la murramu likirushwa na tairi na kugonga madigadi kwa chini, juu yake hutokea ufa wa umbo la nyota. Matuta ya barabarani hufanya hivyo hivyo kila mahali boliti ilipokazwa bila mpira. Chuma kikigongwa kinabonyea na kunyooshwa. Faiba inavunjika, na vipande unaviokota. Ikishika moto, faiba yenyewe inawaka.

Niitendee haki faiba: wezi hawaitaki. Biashara ya vyuma chakavu ilitikisa nchi hii hadi serikali ikaisimamisha kwa muda Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Bodi ya chuma iliyoachwa nje ya ua ukingoja pesa za rangi inaweza kupimwa kwa kilo kabla hujarudi. Ya faiba utaikuta.

Makaratasi yasikupite. Ukibadilisha aina ya bodi, rangi au injini, maelezo ya kitabu cha gari yaliyoko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, hayalingani tena na kilicho barabarani, na bima inayotegemea maelezo hayo inaweza kukuruka siku ya ajali. Peleka gari likakaguliwe na maelezo yabadilishwe kabla ya kuliendesha kwenda kujionyesha Nanyuki.

Kwa mkazi wa Nyeri na miji ya mlimani, uamuzi wangu ni huu: bodi, sakafu na milango viwe vya chuma, madigadi na boneti, ukiyataka, yawe ya faiba, maana hayo yakivunjika unalaza mapya kwa kalibu ile ile na gari linaendelea kutembea. Faiba nzima ichukuliwe na yule tu ambaye tayari ana fundi aliyekwisha kuunda bodi kama hiyo, na mwenyewe ameiona bodi hiyo ikiwa na miaka miwili barabarani. Kamtafute fundi wiki hii, mwangalie akichomelea, na muanze kazi mapema ili rangi iwe imekauka kabla ya mvua za Machi.